Waziri Aliyefutwa Pichani

Waziri wa kwanza niliyemjua maishani mwangu hakuwa wa nchi yetu. Alikuwa wa Albania. Nilikuwa na miaka tisa hivi, sijaona bahari wala theluji, lakini ungenipa picha ya watu thelathini waliovaa makoti ya aina moja ningekuonyesha kwa kidole: huyu hapa. Nikisimulia hivi leo watu wa mji wetu wa Kindu wananicheka. Wanadhani mama mpiga picha ameanza kuchanganyikiwa. Wacheke tu, mimi nilikuwepo na wao hawakuwepo.

Baba yangu alikuwa na studio ya picha kwenye barabara inayoshuka gare, ndiyo stesheni yetu ya treni. Alikuwa pia na redio kubwa ya mawimbi mafupi, na kupitia hiyo aliipata redio ya Albania, iliyotangaza kwa Kifaransa na kuahidi kumtumia gazeti la picha kila msikilizaji atakayeandika barua. Baba akaandika. Msidhani alikuwa mkomunisti. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, anayeungama kila Jumamosi, ila alipenda karatasi nzuri na alitaka kuona wenzake wa huko wanavyotumia mwanga. Gazeti likaanza kuja. Lilipanda treni kutoka kusini, likafika pembe zimekunjika lakini kurasa zinang'aa. Enzi ile ya chama kimoja, kukutwa na karatasi za wakomunisti kungeweza kumpeleka mtu pabaya, kwa hiyo baba alizivalisha majalada ya kalenda za misheni. Mtu akiingia sebuleni aliona Bikira Maria nje, na ndani walikuwa wakulima wa Albania wanavuna ngano.

Mara ya kwanza tulipomwona, waziri hakuwa waziri. Alikuwa kijana mwenye kofia, amesimama pembeni kabisa mwa kundi, sikio lake la kushoto limekatwa na ukingo wa picha. Maelezo ya chini yalisema ni mtoto wa fundi viatu, alipigana milimani wakati wa vita vyao, na sasa anaongoza vijana wanaojenga reli kwa mikono.

"Huyu atapanda," baba akasema.

"Papa, unajua je?"

"Angalia miguu. Wengine wote miguu yao inaelekea kamera. Yake inaelekea kwa mukubwa."

Kweli akapanda. Kila gazeti lilipofika, kabla ya kusoma lolote, baba alihesabu watu waliosimama kati ya kijana wa kofia na kiongozi mkuu wa nchi. Walikuwa saba. Wakawa watano. Mwaka mwingine wakawa watatu, na kofia imebadilika, sasa ni ya manyoya. "Amesogea!" tulipiga kelele nyumba nzima, hata mama aliyekuwa jikoni. Neno hilo likawa letu. Padri akihamishiwa parokia kubwa zaidi, amesogea. Jirani akipata baiskeli, amesogea. Ndivyo nilivyojifunza siasa, kwa kuhesabu mabega.

Siku aliyofungua daraja la reli, sasa akiwa waziri, hapakuwa na mtu kati yake na mkubwa. Walisimama pamoja, mkono wa mkubwa umewekwa mgongoni mwake, vidole vinaonekana juu ya bega. Baba aliipenda picha ile kupita zote. Alikuwa mtu wa Kindu, mji ambao reli inakuja kukomea hapa ukingoni mwa mto Lualaba, na kwake mtu anayejenga reli hawezi kuwa mbaya kabisa. Katika ukurasa wa nyuma yake alikuwepo mke wa waziri, mwanamke mwembamba, anawagawia wafanyakazi maua. Mimi nilimpenda yule mwanamke. Nilimwona hana majivuno.

Kisha, baada ya miaka kama miwili, baba akaniita dirishani penye mwanga. Gazeti jipya lilikuwa limerudia picha ileile ya daraja.

"Hesabu watu."

Nikahesabu kumi. Zamani walikuwa kumi na mmoja. Mahali pa waziri palikuwa na chuma cha daraja na kipande cha mbingu, na mkono wa mkubwa ulikuwa bado umenyooshwa, vidole vimekunjwa juu ya hewa tupu.

Baba akachukua kioo cha kukuzia, akatazama muda mrefu. Kwanza alitazama kama fundi, akitafuta wembe ulipopita. Halafu akakasirika. "Hawa wamefanya vibaya," akasema, na sikujua kama anasema kazi ya mikono au jambo lenyewe. Jioni chache baadaye redio ilitangaza kwamba yule mtu alikuwa adui wa watu wake na mpelelezi wa nchi tatu kwa mpigo. Baba akacheka kwa hasira. Alitaka kujua mtu aliyejenga reli zote zile alipata wapi nafasi ya kupeleleza hata nchi moja.

"Na bibi yake?" nikauliza.

"Bibi yake atasema hakumujua vizuri. Watamupa karatasi, atatia sahihi kwamba amemuacha."

"Mimi ningekataa."

Baba akanitazama juu ya miwani. "Weye hawajakuuliza bado."

Nilinuna siku nzima. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijiona mtu asiyeweza kutishwa.

Sitaki kuwasema Waalbania peke yao. Sisi pia tulifuta. Kufuta na kuongeza watu kwenye picha ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yetu, baba aliiita retushe, na alinifundisha mapema kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Tulikuwa na penseli ngumu, brashi yenye nywele chache, wino, na wembe wa kukwangulia utando wa filamu. Mwanamume amegombana na mke wa kwanza, analeta picha ya harusi ya kaka yake: mtoe huyu. Ndugu wamekosana kwa shamba: mtoe yule. Hata komiseri mmoja, mkuu wa serikali wa enzi ya chama, alipoangushwa, aliyechukua kiti chake alituletea picha ya ofisi, tukamtoa mtangulizi wake, tukaweka pazia mahali pake. Nilishika brashi mwenyewe. Siku hiyo tulikula samaki mkubwa na kusifiana. Hakuna kati yetu aliyetaja Albania, na hilo nimeanza kulionea haya ukubwani.

Lakini baba alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata siku moja. Kila picha aliipiga mara mbili. Ya kwanza ya mteja, ya pili ya nyumba. Alisema watu hufumba macho, na wateja hupoteza vitu. Filamu ikishaoshwa alizikata vipande, ya mteja huku, ya nyumba huku, na retushe ilifanyika kwenye ya mteja tu. Ya nyumba haikuguswa na wembe. Mama alimlaumu kwa kuharibu filamu, yeye akaendelea.

Vita vilipofika Kindu nilikuwa mke wa mtu, mama wa watoto watatu, na wa nne yuko tumboni. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli, msimamizi wa mabehewa pale gare. Tuliishi mtaa wa Mikelenge kwa mama yake. Nitamsema mume wangu kwa ufupi, maana nikianza sitamaliza: alikuwa mrefu, mbishi, anapenda kuhesabu kila kitu kwa sauti, hata viazi sahanini. Nilimpenda, tena alinichosha.

Waliokuwa wameshika mji walikuwa ndani na bunduki zao, na waliokuwa wakiwapinga walikuwa porini na zao. Sisi raia tulikuwa katikati, mashamba yetu hayafikiki, treni hazitembei. Tulikosa vingi, lakini chumvi ilituadhibu kuliko vyote. Tulipika sombe, majani yetu ya mihogo, bila chumvi hadi watoto wakawa wanageuza uso. Kwa hiyo siku treni moja ilipofaulu kufika na behewa la chumvi, komanda aliyetawala mji aliamua kufanya sherehe. Wafanyakazi wa reli walipangwa mstari, watu wakaitwa, na baba akaitwa na kamera yake ya kutazamia kwa juu, yenye filamu ya mwisho iliyobaki studio. Nilimsindikiza kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Komanda alisimama mbele ya mlango wa behewa uliokuwa wazi. Alisema maneno mengi juu ya jinsi anavyotupenda. Alipomaliza, mume wangu akatoka kwenye mstari.

"Komanda, tunashukuru. Lakini karatasi iko hapa. Mabehewa yalipakiwa mawili. Hii njo moja tu. Ingine iko wapi?"

Watu waliokuwa karibu naye walirudi nyuma hatua moja. Nilimlaani kimoyomoyo, nikamwonea fahari papo hapo. Komanda alicheka. Akamvuta karibu, akamwekea mkono begani, akamwambia baba: "Muzee, piga. Nataka foto na muntu anajua kuhesabu." Baba akapiga. Akazungusha filamu, akapiga tena, kama kawaida yake.

"Sasa twende tuongee vizuri," komanda akasema, na mkono haukutoka begani. Wakaenda kwenye gari lake. Mume wangu alipopita mbele yangu alisema, "Ambia mama nitachelewa kidogo." Sijamwona tena.

Baada ya siku tatu walitangaza kwamba amekimbilia porini kwa maadui na funguo za gare. Mimi nilijua ni uongo. Funguo zilikuwa zimetundikwa ukutani kwetu. Lakini mama mkwe aliushika uongo ule kwa mikono miwili.

"Kama amekimbia, ni muzima," alisema. "Hakuna matanga hapa. Hatutalilia muntu muzima."

Kwetu mtu akifa, mikeka hutolewa nje, ndugu hukaa chini, watu huja, hulia, hula pamoja, na mwishoni mjane hujua yeye ni mjane. Bila hayo nilibaki nimening'inia. Sikuwa mke, sikuwa mjane. Nilimbembeleza mama mkwe, nikagombana naye, yeye akawa na jibu moja tu: "Niletee aliyeona. Niletee hata aliyesikia kwa kinywa cha aliyeona. Watu wawili." Tangu siku hiyo sikuwa na haja nyingine duniani ila hiyo. Nilitaka mume wangu aliliwe.

Komanda alikuja studio wiki ya tatu, saa nne asubuhi, na walinzi wawili. Baba alikuwa ameshampelekea picha yake ya sherehe. Sasa komanda aliirudisha, akaiweka mezani.

"Muzee, foto ni nzuri. Watu wazuri wanakuja kutoka mbali, nataka kuwaonyesha. Lakini iko na muntu mubaya ndani. Toa huyu."

"Komanda, macho yangu yamekwisha," baba akasema. "Kazi hiyo anafanya mutoto yangu sasa."

Najua kwa nini alisema hivyo. Alidhani komanda ataona mwanamke mwenye mimba na kuahirisha. Komanda akavuta kiti cha wateja, akakaa mbele ya pazia letu lililochorwa maporomoko ya maji.

"Basi afanye. Nitangoja. Na iko ingine ya foto hii?"

"Hakuna," baba akasema. "Filamu ilikuwa ya mwisho, nilipiga moja tu."

Baba aliyeungama kila Jumamosi alisema hivyo bila kupepesa. Mlinzi mmoja alikuwa akipekua rafu. Akatoa gazeti lenye jalada la Bikira Maria, akalifungua, akaona wanaume wenye makoti. "Hii ni ya wapi?" Baba akamwambia ni ya Albania. "Albania iko wapi?" Mbali, baba akasema. Akalitupa mezani. Ndani ya gazeti lile, kati ya kurasa za daraja la reli, ndimo ilimokuwa picha ya nyumba, kipande cha filamu kisichozidi kiganja cha mtoto. Nilikuwa nimekificha mwenyewe.

Nikatoa kipande cha filamu cha mteja, nikachukua wembe. Sasa mnasubiri niseme nilikataa. Sikukataa. Nilikuwa na watoto watatu nyumbani, baba kipofu nusu pembeni, na bunduki mbili mlangoni. Nilianza na viatu. Kilichokwanguliwa kwenye filamu hutoka cheusi kwenye karatasi, na nyuma ya mume wangu palikuwa na mlango wa behewa, ndani giza tupu. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo. Nilimkwangua magoti, shati, shingo. Nilipofika usoni nilipumzisha mkono kidogo, nikasafisha wembe, nikaendelea. Mkono wa komanda niliufanya ushike ukingo wa mlango wa behewa, ili usibaki hewani kama ule wa Albania. Nilifanya vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ningeweza kufanya vibaya na yeye asingejua.

"Mama, uko na mukono muzuri," komanda akasema akiondoka na picha mpya. Hadi leo sijui kama alijua mimi ni nani. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikauosha wembe mara tatu. Baba alinishika kichwa, na nilishukuru kwamba hakunikumbusha maneno yangu ya miaka kumi na minne.

Vita vikaisha, au tuseme wakubwa walipatana. Komanda hakwenda gerezani, alikwenda mji mkuu. Tulimfuatilia katika picha za magazeti, kisha katika televisheni ya jirani. Kwanza alisimama mwisho wa mstari wa wanajeshi. Baadaye akavaa suti, akawa wa nne kutoka katikati. Halafu wa pili. "Amesogea," baba alisema kila mara, na hakuna aliyepiga kelele. Baba akafa hivyo, akimhesabia mabega mtu aliyemchukua mkwe wake.

Studio nikairithi. Siku hizi napiga picha za paspoti kwa mashine, nasafisha za simu, natengeneza mabango ya makanisa. Wanangu walikua wakiitwa watoto wa yule aliyekimbia. Wa nne, msichana, aliyezaliwa baada ya baba yake kuchukuliwa, alipigana shuleni kwa ajili hiyo mpaka akavunjika jino. Mama mkwe nilimwonyesha picha ya nyumba, ili aone ule mkono. Aliitazama sana. "Hapa amesimama," akasema. "Muntu akisimama anaweza kutembea. Aliyeona iko wapi?" Kuitoa hadharani niliogopa. Komanda alikuwa amekuwa Muheshimiwa, na Muheshimiwa ana mikono mirefu. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto. Watoto wakaoa na kuolewa, nikaendelea kujiambia hivyo.

Kilichonibadilisha ni mke wa yule waziri wa Albania. Nilikuwa nikipanga rafu za baba, nikakuta magazeti yale, nikakaa chini na simu. Jina la yule waziri lilikuwepo kwenye maelezo ya chini ya picha za zamani, nikaliandika na kutafuta. Ilinichukua siku mbili na Kifaransa changu chote. Waziri hakuuawa. Alipelekwa kijiji kimoja cha mbali kwenye machimbo, akashona viatu kama baba yake, akafia huko kabla utawala ule haujaanguka. Na mkewe walimpa ile karatasi ya kumwacha. Hakutia sahihi. Alifungasha sanduku moja, akamshika binti yake mkono, akapanda gari lilelile lililompeleka mumewe. Binti ndiye aliyesimulia. Kulikuwa na picha ya mama yake uzeeni, mbele ya ukuta wa mawe, na nikamtambua mara moja.

Nilikasirika. Nilimkasirikia baba kwa kusema atatia sahihi. Nilimkasirikia yule mwanamke kwa kuwa na ujasiri nisiokuwa nao. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo haikupoa hata nilipojaribu kuipoza.

Mwezi huohuo wakaja vijana wa kampeni. Muheshimiwa anakuja Kindu, atatembea kwa miguu hadi gare, atazungumza juu ya reli. Anataka ile picha yake ya kihistoria, kubwa, iwekwe pale atakapohutubia.

"Itakuwa tayari," nikasema.

Nikaichukua ya nyumba. Nikaikuza hadi ikawa sawa na mlango. Katika ile ya pili komanda amefumba macho na mume wangu amefumbua, ananitazama moja kwa moja, karatasi ya mabehewa mkononi, na vidole vya komanda vimezama kwenye shati lake begani. Asubuhi ya siku yenyewe niliondoa picha zote za maharusi dirishani, nikaweka hiyo peke yake. Wastaafu wa reli waliokuwa wakielekea gare walisimama. Mmoja akavua kofia. Mwingine akajitambua mwenyewe kwenye mstari, akaanza kuwataja waliokuwa pembeni yake. Hadi saa tatu barabara ilikuwa imejaa.

Kijana wa kampeni alipofika kuchukua mzigo wake alitoa macho. "Mama, hii si ile."

"Njo ile. Muheshimiwa amefumba macho kidogo tu."

Akapiga simu. Muheshimiwa alikuwa karibu, akaja mwenyewe na msafara wake, mzito sasa, na fimbo. Aliwapungia watu mkono kwa mazoea. Kisha akaiona. Alisimama mbele ya kioo muda kidogo, akageuka kwangu na ule uso wa kuombea kura.

"Mama, habari ya siku mingi."

"Nzuri, Muheshimiwa."

"Hii foto haileti amani. Mambo ya vita tulisamehe yote." Akapandisha sauti ili watu wamsikie akiwa muungwana. "Mama, nakuomba mbele ya ndugu zetu. Toa hii dirishani. Tuheshimu marehemu."

Aliendelea na maneno mengine mawili matatu, kisha akaona wastaafu wa reli wanatazamana, akakatisha.

"Tuheshimu nani?" nikauliza.

Akageuza fimbo mkononi.

"Miaka yote unasema alikimbia. Leo njo unamuita marehemu. Nani alikuambia amekufa?"

"Ni namna ya kusema tu, mama."

"Sisi hatumuite muntu marehemu kwa namna ya kusema. Foto haitoki. Nilishamutoa mara moja, weye ulikaa hapa kwenye kiti unaniangalia. Sitamutoa tena. Kama unataka dirisha, vunja dirisha. Niko nayo ingine, na ingine, na ingine."

Nikaweka kiganja changu juu ya kioo, mbele ya picha. Walinzi walimtazama wakisubiri ishara. Simu za watu zilikuwa juu zote, hakuna pa kukwangua. Akaingia garini. Gare alikosubiriwa hakufika.

Nilifunga studio. Niliwaomba wastaafu wawili wa reli wanisindikize, tukapanda pikipiki hadi Mikelenge. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mchele. Hasikii vizuri siku hizi, ilibidi niiname.

"Mama, amesema marehemu."

"Nani amesema?"

"Yeye mwenyewe. Ule aliyemuchukua. Mbele ya watu."

Akawageukia wale wazee. Akamwambia wa kwanza, "Weye ulisikia kwa masikio yako?" Akasema alisikia. Akamwuliza wa pili kwa maneno yaleyale, naye akasema, "Nilisikia, Mama. Alisema tuheshimu marehemu."

Aliweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike. Akavuta kanga akajifunika kichwa. Binti yangu alikuwa mlangoni, akamwita.

"Toa mikeka inje," akamwambia. "Yote. Na uite majirani."

Kisha akanishika mkono, ule mkono wangu wa wembe, akanivuta hadi magoti yangu yakakunjika.

"Kaa chini, binti yangu. Bwana yako amekufa."

Nikakaa.